Utando unaziba kila mvua ikinyesha: tununue moduli mpya?

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Nasimamia yadi ya malori huku Tabata. Tunakinga maji ya mvua kutoka kwenye paa la bati (mita za mraba 600) na sakafu ya zege (mita za mraba 900). Yote yanaingia kwenye tanki la chini la lita 40,000, yanapita chujio la disi (la visahani vilivyobanwa pamoja), halafu mtambo wa utando, yaani nyuzi zenye vitundu vidogo sana vya kuchujia maji, wenye moduli (makasha ya nyuzi hizo) mbili za mita za mraba 40 kila moja. Tunayatumia kuoshea malori. Wakati wa vuli tulikuwa tunapata lita 5,600 kwa saa bila shida. Januari na Februari mtambo ulikaa umezimwa. Masika haya, siku mbili tu presha inapanda mpaka mtambo unajizima. Kijana wetu anauosha kinyumenyume (kwa kurudisha maji nyuma kupitia utando) asubuhi na jioni, na klorini tumeshatia mara tatu. Fundi anasema utando umekufa. Tufanyeje?

JIBU: Usinunue kwanza. Huenda fundi anasema kweli, lakini ukifunga moduli mpya kwenye mfumo huohuo, kabla masika hayajaisha mtakuwa mmerudi hapohapo. Mimi natilia shaka zaidi maji mnayoupelekea utando, na ile Januari na Februari mtambo ulipokaa kimya.

Anza na geji. Soma presha ya maji yanayoingia na ya yanayotoka, utoe moja kwenye nyingine. Tuseme kuingia ni baa 1.4 na kutoka ni 0.3: tofauti ni 1.1, na hiyo ndiyo nguvu inayotumika kusukuma maji kupita kwenye utando. Osha kinyumenyume, kisha soma tena. Tofauti ikishuka sana, uchafu umekaa juu juu tu, na hiyo ni habari njema. Ikigoma kushuka, kuna kitu kimenata. Kijana aandike namba hizo daftarini kila siku pamoja na lita zinazotoka kwa saa. Bila daftari, hata mimi nikija hapo nitakuwa napiga ramli.

Sasa hiyo ya asubuhi na jioni. Kwa maji ya mvua ya yadi, uoshaji huo hufanyika kila baada ya dakika 30 hivi, kwa sekunde 45 hadi 60, tena kwa maji yaliyokwisha kuchujwa. Tope likikandamizwa saa kumi mfululizo huwa kama udongo uliopigwa sakafu ya nyumba ya zamani, na haling'oki kwa kuoshwa dakika moja. Kama mtambo una saa yake ya kujiosha, ikague kila umeme ukikatika na kurudi. Nimeona zaidi ya moja ambayo hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na hakuna aliyegundua kwa wiki nzima.

Halafu lita 5,600 kwa saa kwenye mita 80 za utando ni lita 70 kwa kila mita. Kwa maji safi ya kisima sawa, ila kwa maji yaliyofagia sakafu ya malori ni mwendo wa kukimbizana. Bana valvu mpaka upate kama lita 3,200, yaani 40 kwa kila mita. Tanki lililojaa litachukua saa 12 na nusu badala ya saba. Malori yenu hayaoshwi yote kwa mkupuo, kwa hiyo sioni hasara.

Lakini kazi kubwa iko nje ya mtambo. Mvua ya kwanza baada ya jua la wiki mbili hubeba vumbi, mavi ya ndege, kutu ya bati, dizeli na ungaunga wa matairi. Hayo hayatakiwi kufika tankini. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo milimita 2 za mwanzo za paa lako ni lita 1,200, na milimita 5 za sakafu ni lita 4,500. Tenga bomba la kuyapeleka kwenye shimo la kutuamisha, ndipo mengine yafuate njia ya tanki. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu mwaka huu, fanya hiki. Na msiyaachie maji ya shimo hilo, wala yale ya kuoshea utando, kwenye mtaro wa barabarani. Huko kwenu mitaro mingi inaishia mto Msimbazi.

Hukuniambia maji ya kuoshea malori yanaenda wapi. Yakirudi kwenye tanki hilohilo, umeshapata jibu la nusu ya tatizo. Dizeli peke yake huelea, unaweza kuizuia kwa ukuta mdogo na kuvuta maji sentimita 30 chini ya uso. Ikichanganyika na sabuni inavunjika matone madogo sana, haielei tena, inapita chujio la disi kama halipo, na inakwenda kujipaka kwenye nyuzi za utando. Klorini haiondoi mafuta, hata ukitia mara kumi.

Jaribio jingine ni la chupa. Chota maji ya tanki kwenye chupa angavu ya lita moja, iache nusu saa. Juu yakiwa safi, tope linatuama lenyewe, ongezeni muda tu. Yakibaki rangi ya chai ya maziwa, ni udongo laini usiotuama, nao unahitaji shabu. Yeyusha gramu 10 za shabu kwenye lita moja ya maji. Tia mililita 1, 2, 3, 4 na 5 kwenye chupa tano za lita moja zenye maji ya tanki, koroga, subiri. Chukua kipimo kidogo kabisa kinachotoa mabonge yanayozama. Shabu ya kupitiliza nayo huziba utando.

Kuhusu klorini: mlitumia ipi? Ile ya dukani yenye manukato mara nyingi huwa na sabuni ndani, achaneni nayo. Isiyo na harufu ya asilimia 3.5, lita moja na nusu kwa lita 100 za maji safi, inatosha kuwapa miligramu 500 hivi kwa lita. Zungusheni nusu saa, loweka saa kadhaa. Dumu lililokaa juani limeshapoteza nguvu, hata kama kibandiko kinasema vingine. Soma kwanza karatasi ya kiwanda, maana si kila utando unavumilia klorini. Mafuta huhitaji dawa ya kostiki (soda kali), na hapo pia kiwango cha mwisho ni cha kiwanda. Kutu inatoka kwa asidi ya sitriki, ile ya unga. Katikati ya dawa moja na nyingine suuza mpaka maji yatoke safi kabisa. Klorini ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua, na vyumba vya pampu vya Dar vingi havina hata dirisha.

Nirudi kwenye Januari. Niliwahi kuitwa kwenye mtambo uliokaa miezi mitatu na maji ya mvua ndani. Nilipofungua kifuniko, harufu ya mayai viza. Nilipogusa nyuzi, zinateleza kama bamia. Hizo ni bakteria, zimejijengea makazi. Mvua ikikatika, msizime tu na kuondoka: osheni, jazeni maji safi, yazungusheni kila siku. Mkikaa zaidi ya wiki moja, wekeni dawa ya kuhifadhia, sodiamu metabaisalfaiti ya asilimia 1, na mwondoe klorini yote kabla. Utando usikauke kamwe. Ukikauka, vitundu vyake hujibana na mara nyingi havirudi.

Fanyeni uoshaji wote huo, kisha, kwa jaribio tu, pimeni tena kwa presha ileile mliyotumia wakati wa vuli. Mkipata lita 4,500 kwa saa au zaidi, utando uko hai. Mkipata 2,000 baada ya kostiki na asidi, mpigie fundi simu akuletee bei. Na kama maji yaliyochujwa yanatoka na ukungu, hilo ni jambo jingine: kuna nyuzi zimekatika. Sukuma hewa ya presha ndogo upande mmoja ukiwa umejaza maji upande wa pili, mapovu yatakuonyesha ni moduli ipi.