Mkono ulirudi kabla ya upande wa kushoto

Mmeuliza wiki hii: "Kama uliwahi kuacha kuendesha gari kwa muda mrefu kwa sababu ya ugonjwa, ni kitu gani kilikuwa kigumu zaidi uliporudi barabarani?" Nadhani wengi watataja woga. Woga nami niliupata, lakini ulikwisha wenyewe. Kilichonisumbua ni upande wa kushoto.

Niliugua kiharusi nikiwa nimevuka miaka 50. Mshipa wa damu uliziba ndani ya ubongo upande wa kulia, na kwa kuwa ubongo wa kulia ndio unaouamrisha mwili wa kushoto, mkono na mguu wa kushoto vikalala. Mdomo nao ukapinda kidogo. Jirani mmoja alileta mafuta ya kuchua pamoja na habari za upepo mbaya. Nikamshukuru, mafuta nikayaweka kabatini, nikaendelea na mazoezi ya viungo niliyopangiwa hospitali.

Mguu ulirudi kwanza. Mkono ukafuata kwa uvivu wake. Nilipoanza kutembea bila mkongojo tu, maneno yakaanza: "Mama Neema, gari linaozea hapo nje, unangoja nini?" Na kwa kweli ukilitazama jambo lenyewe kwa viungo peke yake, hawakuwa na makosa. Gari langu ni IST ya otomatiki. Klachi haina, kwa hiyo mguu wa kushoto kazi yake ni kukaa. Mguu wa kulia, unaokanyaga mafuta na breki, haukuguswa na ugonjwa. Kwenye magari haya yanayotoka Japani indiketa iko mkono wa kulia pia. Kushoto kunabaki gia, handibreki na waipa. Hesabu hiyo nilipigiwa na shemeji yangu, na fundi wa gari, hata na mchungaji aliyekuja kuniombea: mwenye kiharusi cha kushoto ana nafuu, aendeshe tu.

Leseni nayo ilikuwa hai. Tangu 2019 leseni zetu zinatolewa kwa miaka 5, zamani zilikuwa za miaka 3, na ukiugua katikati ya miaka hiyo kadi yenyewe haina habari. Hospitali niliruhusiwa na karatasi ya dawa na tarehe za kliniki. Kuhusu kuendesha hakuna aliyenigusia, si kunikataza wala kuniruhusu.

Aliyegundua kwamba kuna kitu hakiko sawa ni binti yangu, na aligundulia kwenye sahani. Nilikuwa nakula wali nusu, nusu ya kulia, nasukuma sahani mbali nasema nimeshiba. Siku moja nikalalamika kwamba wenzangu wote wana samaki, mimi nimenyimwa. Neema akanyamaza, akaizungusha sahani taratibu kama anayefungua kifuniko cha chupa, na kipande cha samaki kikanitokea mbele ya macho. Kilikuwa pale muda wote, kushoto.

Tulirudi hospitali, safari hii kwa mtaalamu wa tibakazi, yule anayemfundisha mgonjwa upya shughuli za kila siku: kuvaa, kupika, kuoga. Alinipa karatasi iliyojaa vistari, akaniambia nivikate vyote kwa kalamu. Nikavikata, nikamrudishia nikiwa nimeridhika kabisa. Vya kushoto vyote vilikuwa vimebaki. Akaniambia nichore saa. Nikachora duara zuri tu, halafu namba zote nikazibana upande wa kulia.

Na macho yangu ni mazima. Hilo ndilo watu hawalielewi ninapowaeleza. Herufi za ukutani nilizisoma mpaka mstari wa chini, na kipimo cha upana wa kuona kilitoka safi. Kuna wagonjwa wa kiharusi wanaopoteza kweli nusu ya kuona. Hilo ni tatizo jingine, na mtu anaweza kuwa nayo yote mawili. La kwangu ni kwamba jicho linaona, ubongo unapuuza. Mkono uliolala unajua umelala, kwa sababu unauona ukidondosha kikombe. Lakini kitu ambacho ubongo umekipuuza hakiachi pengo lolote. Ningeapa mahakamani kwamba naona barabara nzima.

Sasa chukua mtu huyo, mweke nyuma ya usukani Dar es Salaam. Sisi tunaendesha kushoto. Kwa hiyo kushoto ndiko kuliko na mtembea kwa miguu, mama wa mihogo ya kukaanga, daladala inayochomoka kituoni, mwanafunzi anayesubiri zebra. Kushoto ndiko bodaboda anakopita akiona foleni imesimama, kati ya gari lako na ukingo wa barabara, na anapita huku akiamini umemwona. Kwa spidi ya 50, ambayo ndiyo inayoruhusiwa kwenye makazi, gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mimi wakati ule kitu cha kushoto kilikuwa kinanichukua sekunde kadhaa kukiona, na vingine sikuviona kabisa.

Mpwa wangu ni muuguzi Uingereza. Nilipomsimulia aliniambia kwamba kwao mtu akipata kiharusi haruhusiwi kuendesha gari dogo kwa mwezi mmoja kwa kiwango cha chini, na akibakiwa na dosari baada ya hapo lazima aitaarifu mamlaka ya leseni. Dereva wa lori au basi hukaa nje mwaka mzima. Na tatizo kama langu huko ni sababu ya kukuzuia mpaka ithibitike limekwisha. Sisemi tuige kila kitu. Lakini nilipenda kwamba kule swali linaulizwa na mtu ambaye si shemeji yako.

Maana ndugu wana mambo yao. Nyumbani kwetu walikuwa kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema nisiguse usukani tena maishani, na ukiichunguza unakuta humo yumo anayelipigia gari hesabu. Kambi ya pili ilisema nimeshapona, na humo walikuwemo waliochoka kunipeleka kliniki. Baba Neema peke yake alisema hajui, na nilimheshimu kwa hilo.

Aliyenirudisha barabarani ni mdogo wangu wa kiume, aliyewahi kuendesha mabasi ya mkoani na sasa anafundisha chuo cha udereva. Alikuja, akasikiliza habari ya sahani, akauliza tibakazi anasemaje, akachukua funguo. Nikaenda upande wa dereva. "Hapana dada, wewe abiria."

Nikawa abiria kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Yeye anaendesha, mimi niko kiti cha kushoto, na kazi yangu ni kutaja kwa sauti kila kilichopo kushoto kabla hatujakifikia. "Boda. Tuta. Mtoto na dumu. Gari limepaki, mlango unafunguka. Boda." Nikiruka kitu, hagombi. Anakitaja yeye baada ya kukipita: "Mzee na baiskeli, dada." Mwanzoni vya kutaja yeye vilikuwa vingi kuliko vyangu, na iliniuma, kwa sababu nilikuwa najitahidi. Njia yetu ilikuwa Goba kwenda Makongo mpaka Chuo cha Ardhi, barabara yenye kona, milima na maduka yaliyosogea mpaka ukingoni, kwa hiyo kushoto hakuna hata dakika ya kupumzika. Tibakazi alikuwa amenifundisha nianze kila kitu kutoka mwisho wa kushoto: nikisoma, niweke kidole mwanzo wa mstari, nikila, nitafute kwanza ukingo wa sahani. Barabarani ukingo huo ukawa mstari mweupe wa pembeni. Nautafuta kwanza, ndipo narudi kulia.

Vya kwake vilipobaki vichache tulihamia kiwanja kitupu, na hapo ndipo nilipokaa kwenye usukani. Gari lenyewe lilikuwa na mambo yake: betri ilikuwa imekufa, tairi zimepasuka pembeni kwa kusimama, na panya walikuwa wametafuna waya za taa. Fundi alimaliza. Bima ilikuwa imeisha, na nilipokata mpya niliwaeleza kampuni kwa maandishi kwamba nimeugua nini, nikaambatisha barua ya daktari, kwa sababu siku ya ajali hiyo itakuwa karatasi ya kwanza kutafutwa.

Kukata kona ya kushoto ndiyo iliyonichosha kuliko yote. Zamani nilikuwa naifanya bila kufikiri; ni kona nyepesi, huvuki gari za mbele. Sasa ina hatua zake na ninazisema kwa mdomo mpaka leo, hata nikiwa na abiria. Indiketa mapema. Saiti mira ya kushoto, ambayo nimeibandika kile kioo kidogo cha duara wanachouza machinga kwenye mataa. Kichwa kizima, mpaka kidevu kiguse bega, kwa sababu jicho peke yake linadanganya. Nasema "kushoto". Napunguza. Kichwa tena, maana boda aliyekuwa mbali nilipotazama mara ya kwanza sasa yuko mlangoni. Ndipo nakata. Walio nyuma wanapiga honi. Wapige.

Kitu kingine ambacho sikuambiwa ni uchovu. Uchovu wa kiharusi haufanani na ule wa kazi, wa kulala kidogo ukaisha. Unaanguka ghafla, na kwangu unakuja na mzigo wake: nikichoka, kushoto kunapotea tena. Asubuhi niko sawa. Jioni, baada ya foleni ya Sam Nujoma, mdogo wangu anaanza tena kutaja vitu vyake. Hili tuliliona wazi mara kadhaa akiwa pembeni yangu, na kwangu ndilo lililopanga ratiba. Nina duka la vitambaa Mwenge. Naenda na gari asubuhi, nafunga mahesabu yangu mapema, saa nane niko njiani kurudi kabla foleni haijaanza. Binti ndiye anayefunga duka. Siku nikihisi kichwa kizito, gari linalala Mwenge na mimi narudi na bajaji. Dawa ya presha nayo iliwahi kunipa kizunguzungu nikisimama ghafla; daktari akanipangia upya dozi na saa za kumeza, na sikugusa usukani mpaka tulipoona imetulia.

Mmeuliza pia, chini ya swali lenu, msomaji angemshauri nini mwenye hali kama yake. Wa mguu uliovunjika simjui, wa kifafa ana mambo yake na daktari wake. Kwa aliyepata kiharusi cha kushoto ninachoweza kusema ni hiki: usiulize mkono wako. Omba kipimo cha kukata vistari na kuchora saa, hakihitaji mashine, ni karatasi na kalamu. Muulize anayekuandalia chakula unabakiza upande gani. Muulize kama unagonga miimo ya milango kwa bega la kushoto, kama unasahau kuvaa kandambili ya mguu huo, kama sharubu au hereni za upande huo unaziacha. Halafu mtafute mtu wa kukaa naye garini ambaye hakuonei huruma na hana haja na gari lako. Wa namna hiyo ni wachache, na akipatikana mlipe mafuta.

Mimi usiku siendeshi. Taa za wanaokuja zinanivuta macho yote kulia, na kushoto kunabaki giza tupu. Mvua kubwa pia siendeshi. Moshi kwenye Krismasi anatupeleka mdogo wangu. Vitambaa vya duka navifuata Kariakoo kwa mwendokasi, na hapo sina cha kulalamika, kwa sababu hata nilipokuwa mzima kabisa Kariakoo sikuwa naingia na gari.