Asilimia 62 ya goti haitoshi kukurudisha uwanjani

Afande, swali lako nimelisoma. Ulipasuliwa ligamenti ya mbele ya goti, ile kamba inayoshikanisha mfupa wa paja na wa muundi, miezi 7 iliyopita, kano ya kupandikiza ikatolewa nyuma ya paja. Sasa mashine ya kupima nguvu ya misuli imetoa asilimia 62, umeambiwa misuli iko sawa, na kocha wa timu ya kambi hapo Mbale anakutaka ucheze mbele. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia ya wachezaji na magoti ya namna hiyo yanapita mikononi mwangu kila mara. Nakuomba usirudi kwa karatasi hiyo peke yake.

Asilimia hiyo ni nguvu ya misuli ya nyuma ya paja ikigawanywa kwa nguvu ya misuli ya mbele, kwenye mguu uleule. Mashine ikiwekwa kwenye mwendo wa nyuzi 60 kwa sekunde, asilimia 60 hivi huchukuliwa kuwa ya kawaida, maana misuli ya mbele ni mikubwa zaidi. Inapimwa kwa sababu goti likikaribia kunyooka, misuli ya mbele huuvuta mfupa wa muundi uende mbele, na ya nyuma huurudisha. Ligamenti yako mpya inategemea msaada huo wa nyuma.

Sasa tazama hesabu. Tuseme mguu mzima unatoa newton-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha goti) 200 kwa misuli ya mbele na 120 kwa ya nyuma: asilimia 60. Uliopasuliwa unatoa 130 mbele na 81 nyuma: asilimia 62. Ukisoma uwiano tu, utadhani mguu mgonjwa ndio bora. Kumbe mbele una asilimia 65 tu ya mguu wa pili, na nyuma 67 na nusu. Pande zote mbili zimedhoofika pamoja, ndiyo maana uwiano umetulia. Kwa mtu aliyetolewa kano nyuma ya paja hili hutokea kirahisi: misuli ya mbele hunywea baada ya upasuaji, na ya nyuma imepunguzwa kwa kisu. Kliniki kumpa mchezaji asilimia tupu bila namba za kila mguu, kwangu mimi ni kumnyima majibu yake. Rudi ukazidai, ni haki yako.

Jambo jingine ni breki. Ukipiga shuti au ukikimbia kasi, misuli ya nyuma huuzuia muundi huku yenyewe ikirefuka. Kipimo cha kawaida huipima ikijikunja. Uliza kama mashine yao inaweza kuipima ikirefuka. Nguvu hiyo ikigawanywa kwa ya mbele inayojikunja, tunatafuta karibu asilimia 100.

Kama kurudi kliniki ni gharama, na daktari aliyekupasua amekuruhusu kukaza misuli kwa nguvu zote, tafuta mizani ya dijitali ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia ya kahawa. Kaa juu ya meza imara, goti nyuzi 90, mkanda juu kidogo ya kifundo, mizani imefungwa kwenye nguzo nyuma yako. Sukuma muundi mbele taratibu mpaka mwisho wa nguvu, usirushe mguu. Kisha hamishia mizani mbele, uvute nyuma. Mkanda ukae umbali uleule kutoka gotini kwa miguu yote miwili. Kilo zidisha kwa 9.8, kisha kwa umbali huo kwa mita: kilo 40 kwa mita 0.35 ni newton-mita 137. Namba hizi usizipime kwa ile asilimia 60, kwa sababu hapa mguu hausogei. Linganisha kushoto na kulia tu.

Mimi mchezaji simruhusu kukabwa kabla mguu uliopasuliwa haujafikia angalau asilimia 90 ya mwenzake, mbele na nyuma, na miezi 9 haijatimia. Kocha mwambie hivyo hivyo. Ukipata namba, ziweke hapa pamoja na uzito wako, nikupangie mazoezi ya upande uliobaki nyuma.