Bao moja mechi kumi: dogo ameshuka au anakua?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Hapa Mikindani tuna dogo mmoja, straika, ana miaka 17. Alipokuwa na 14 alikuwa hakamatiki, kila mechi anatia kambani mbili tatu. Msimu huu amepandishwa timu ya wakubwa ya mtaa, mechi kumi zimekwisha, ana bao moja tu. Kijiwe kimegawanyika. Wapo wanaosema kipaji kilishaisha, alikuwa anabebwa na mwili. Sisi wengine tunasema bado mtoto, apewe muda. Na wapo wanaomlaumu kocha kwa kumtoa namba tisa na kumpeleka winga. Dogo mwenyewe anapenda mpira kupita kiasi, wikiendi hakosi ndondo, zile mechi za mtaani za kulipwa, hata mbili kwa siku. Sasa ametokea bwana mmoja anasema atampeleka nje kwa majaribio, familia itoe laki nane za maandalizi. Kitaalamu, mtu anajuaje kama mshambuliaji wa umri huu bado anapanda au ndiyo kafika?

JIBU: Waaleikum salaam, kaka. Nianze na hilo bao moja, maana ndilo linalowagombanisha, na katika yote uliyoandika ndilo lenye uzito mdogo kabisa.

Kwenye ligi kubwa, ambako kila shuti linaandikwa, takriban shuti moja katika kumi ndilo linalozaa bao. Tuseme dogo wenu anapiga mashuti matatu kwa mechi, kazi nzuri kwa kijana wa miaka 17 aliyezungukwa na mabeki watu wazima. Mechi kumi ni mashuti thelathini, kwa hiyo unategemea mabao matatu. Lakini piga hesabu ya bahati: straika wa namba hizo hizo, ambaye hajashuka hata kidogo, karibu mara moja katika kila tano atamaliza mechi kumi akiwa na bao moja au hana kabisa. Safari nyingine atamaliza na sita, nanyi mtamvika taji. Ni mchezaji yule yule.

Kwa hiyo mechi kumi hazitoshi kumhukumu mtu kwa mabao, ila zinatosha kuhesabu mashuti. Anapiga mangapi, na anapigia wapi? Kama ni matatu, yote ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, na usawa wa goli, tulieni. Kama ni moja, la mita ishirini na tano, dakika ya 70, kwa hasira, hapo kuna jambo la kuzungumza. Na mkihesabu, penalti wekeni pembeni. Penalti zaidi ya robo tatu huingia, na sitashangaa mkikumbuka kwamba katika yale mabao yake ya utotoni nyingi alipiga yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa na mguu mzito kuliko wenzake.

Hapo ndipo nawageukia wanaosema alibebwa na mwili. Msiwacheke, wana hoja. Wavulana wengi huchomoka kimo wakiwa na miaka 13 au 14, lakini hiyo ni wastani. Kuna anayechomoka na 11 na kuna anayesubiri hadi 15 au 16. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja wanaweza kusimama kwenye mstari mmoja, mmoja mwili wake uko mbele ya mwenzake kwa miaka mitatu. Aliyetangulia ana mbio, ana kifua, beki akimgusa anaanguka beki. Anafunga bila kulazimika kufikiri. Akifika 17 wenzake wamemfikia, na kwenye timu ya wakubwa amekutana na watu wanaobeba magunia ya korosho ghalani. Hakushuka yeye, waliobaki ndio waliopanda.

Jambo linalokaribiana na hili liligunduliwa mapema kwenye hoki ya barafu kule Kanada. Katika miaka ya 1980 watafiti waliona kwamba timu teule za vijana zimejaa watoto waliozaliwa Januari, Februari na Machi, kwa sababu umri ulikuwa unakatwa tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari na wa Desemba wanahesabiwa umri mmoja, kumbe wamepishana karibu mwaka mzima. Soka la vijana la FIFA nalo linakata tarehe hiyo hiyo. Ndiyo maana siku hizi akademi za Uingereza kuna mashindano ambayo watoto hupangwa kwa ukomavu wa mwili badala ya tarehe ya kuzaliwa.

Nyinyi hamna mashine wala hamuihitaji. Muulizeni mama yake suruali za shule zilianza lini kuwa fupi ghafla. Akisema darasa la tano, dogo alitangulia, na sehemu ya mabao yale ilikuwa ya mwili. Akisema kidato cha pili, basi misuli yake bado haijaja yote na kundi lako lina haki ya kuomba muda. (Tunazungumza kama watu wa mpira, kaka: hiyo 17 ni ya cheti kilichotolewa alipozaliwa, au kilichotolewa alipoitwa timu ya wilaya? FIFA haikuanza bure kupima vifundo vya mikono kwa MRI, picha za ndani ya mwili, ili kukagua umri kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, mwaka 2009.)

Kutangulia kimwili si hukumu, ila kuna swali linafuata: katika ile miaka aliyokuwa anawapita wenzake kwa mbio, alijifunza kitu kingine chochote? Jibu la hilo hamtalipata kwa kutazama mpira. Mtalipata kwa kumtazama yeye wakati hana mpira, na hapa nakuomba ufanye kazi kidogo.

Mechi ijayo acha kukaa pembeni kwenye kivuli na wenzako. Kaa nyuma ya goli la wapinzani. Chagua dakika kumi, mpira usiutazame kabisa, mtazame dogo. Kitu cha kwanza ni shingo. Kabla pasi haijamfikia, anageuza kichwa kuangalia nyuma yake, au macho yameganda kwenye mpira? Geir Jordet, mtafiti wa Norway, amelichunguza hili kwa miaka mingi, na waliozoea kutazama mara nyingi kabla ya kupokea ndio wanaokamilisha pasi zaidi. Straika asiyetazama anapokea, ndipo anaanza kutafuta beki yuko wapi, na beki yuko mgongoni kwake tayari.

Cha pili, subiri winga wa upande wa pili apate mpira. Mshambuliaji aliyezoea kushinda kwa mbio anakimbilia goli moja kwa moja, anafika mapema, anasimama pale mlingoti wa kwanza anainua mkono. Krosi ikija, beki keshamwona zamani, au kibendera kiko juu, ameotea. Anayejua kazi anafanya kinyume: kwanza anarudi hatua mbili nyuma ya beki, mahali ambapo beki akitaka kumwona lazima auache mpira. Anatembea, hakimbii. Winga akiinamisha kichwa na kuweka mguu wa kuegemea, hiyo sekunde ndiyo anachomoka kupita mbele ya beki. Hiyo haihitaji mbio za ajabu. Kijana wa miaka 17 anayeifanya hata mara mbili kwa mechi, hata kama krosi zote hazikumfikia, huyo anakua, na mabao yatamfuata akipata winga mwenye macho.

Cha tatu ni mguso wa kwanza, na hapa nina kesi na viwanja vyetu vya pwani. Dogo aliyekulia kwenye mchanga amezoea mpira unaokufa. Anaugusa, unabaki hapo hapo, anaugusa tena, anaupeleka mbele, ndipo anapiga. Miguso mitatu. Mchangani inawezekana kwa sababu na beki naye anazama. Mpeleke kwenye nyasi, mguso wa kwanza wenye nguvu ile ile unakimbia mita mbili mbele, beki anauchukua, na jukwaani mnasema dogo amekuwa mzito. Mwangalie kama mguso wake wa kwanza unaelekea upande anaotaka kwenda au unasimama tu miguuni. Habari njema ni kwamba hili linafundishika katika umri wake: ukuta, mpira, sehemu ngumu iliyosawazishwa, mguso mmoja wa kupokea na wa pili wa kupiga, mguu wa kushoto kwa wa kulia, kila siku kabla ya mazoezi ya timu. Mbio za asili haziongezeki sana kwa miaka 17. Shingo, muda wa kuchomoka na mguso vinaongezeka sana.

Kuhusu winga, sioni kosa la kocha. Akiwa pembeni dogo anapokea akiwa amelitazama goli, hana beki wa kati mwenye kilo themanini mgongoni. Thierry Henry, straika wa Ufaransa, alichezeshwa winga Juventus kabla kocha Arsène Wenger hajamweka katikati Arsenal mwaka 1999. Mkilaumu, laumuni tu kama anawekwa winga kukaba na hafundishwi kuingia ndani.

Mtaniuliza basi atafika wapi. Mtu anayekupa jibu la uhakika kwa mtoto wa miaka 17 ana kitu anakuuzia. Mwaka 2013 washambuliaji Harry Kane na Jamie Vardy walikuwa wanakaa benchi moja Leicester City, tena ligi daraja la pili la Uingereza. Miaka mitatu baadaye Vardy ni bingwa wa Uingereza, na Kane leo ndiye mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya England. Freddy Adu naye alianza kuchezea D.C. United ya Marekani akiwa na miaka 14, mwaka 2004, dunia nzima ikamwita Pelé mpya. Ukuaji wa mbele haukuja. Kwetu hapa mtazameni Mbwana Samatta. Alikwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akakaa Lubumbashi mpaka akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Aston Villa ikaja miaka minne baadaye. Ngazi zote alizikanyaga.

Kinachonipa wasiwasi kwa dogo wenu ni ndondo, kuliko hilo bao moja. Mazoezi ya timu katikati ya wiki, ndondo mbili Jumamosi, mechi ya mtaa Jumapili, tena kwenye mchanga unaokula nguvu kuliko nyasi. Halafu Oktoba korosho zinaanza kudondoka, anapanda Tandahimba kuokota na familia, mazoezi yanakatika, akirudi anaingizwa mechini siku hiyo hiyo. Msuli wa nyuma ya paja hauvumilii hivyo. Inawezekana kabisa sehemu ya "kushuka" kwake ni uchovu. Apunguziwe, mechi moja wikiendi iwe ndiyo mwisho wake, na akitoka shamba apewe wiki mbili za mazoezi kabla ya kucheza. Mlipaji wa ndondo atanuna, anune.

Sasa huyo bwana wa laki nane. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama wazazi wenyewe kuhamia nchi nyingine kwa mambo yasiyohusu mpira. Hata mkataba wa kulipwa wa ndani, akiwa chini ya 18, usizidi miaka mitatu. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, orodha ya majina iko wazi kwenye tovuti yao, na haruhusiwi kumsimamia mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi. Ukitaka dogo apimwe na macho mengine, klabu ya Namungo iko hapo Ruangwa. Waliwahi kucheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, na nauli ya basi ya kwenda na kurudi haifiki popote karibu na laki nane. Familia isitoe hela yoyote kwanza. Mwombeni huyo bwana namba ya leseni, muitafute kwenye orodha mkiwa naye amekaa hapo hapo, na dogo Jumatatu aende shule.