Punda wangu anadondosha vibonge vya nyasi

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina punda jike wa miaka kama 18, hubeba mchanga na mawe ya kujengea. Ni wiki ya pili sasa, akila anatafuna kidogo kisha anadondosha vibonge vya nyasi vilivyolowa mate. Jirani anasema anacheua, mwingine anasema ni minyoo. Dawa ya minyoo nimempa, bado anakonda. Nifanyeje? – Mfugaji, Lamu

JIBU: Marahaba. Punda hacheui. Wanaocheua ni ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Kibonge hicho ni nyasi alizoshindwa kuzisaga, akazitema kwa sababu zinamuumiza. Nina karibu hakika shida ni magego.

Okota kibonge kimoja ukifumue. Utakuta nyasi ndefu zimesokotana kama ukambaa, hazikusagwa. Kisha vunja mavi yake. Ukiona nyuzi nyingi zinazozidi sentimita moja, basi hata anachomeza kinapita bila kutafunwa vizuri, ndiyo maana anakonda.

Meno ya punda, kama ya farasi, husogea nje ya fizi milimita 2 hadi 3 kila mwaka, kufidia yanavyolika. Lakini taya la juu ni pana kuliko la chini, hivyo ukingo wa nje wa magego ya juu na ukingo wa ndani wa yale ya chini hauliki sawasawa. Huko hutokea ncha kali: za juu hukata shavu, za chini hukata ulimi. Kwa umri wa huyu wako naogopa pia jino lililolegea, au mwanya kati ya magego ambamo nyasi hujishindilia na kuoza.

Mchunguze bila kumfungua mdomo. Nusa pumzi yake. Pitisha kiganja juu ya shavu, kwa nje, usawa wa magego ya juu, ukibonyeza taratibu. Akivuta kichwa, pana kidonda. Shavu moja likiwa limetuna, huenda ameweka chakula humo. Papasa chini ya taya, pande zote mbili, utafute uvimbe mgumu. Usaha unaonuka katika tundu moja la pua mara nyingi ni mzizi wa gego la juu uliooza. Lakini chakula kikitoka puani huku amenyoosha shingo na kukohoa, amekabwa: mwondolee chakula na maji, mwite daktari papo hapo.

Mkono usiutie mdomoni, nakusihi. Magego yatakuvunja vidole, na kichaa cha mbwa kwa punda huweza kuanza hivi hivi, kwa kutokwa mate na kushindwa kumeza. Kama tabia yake imebadilika au aliumwa na mbwa, mtenge, usiguse mate yake, toa taarifa.

Daktari atampa dawa ya kumtuliza, ataweka chuma cha kuzuia mdomo usifunge, aangalie kwa taa na kuzisaga ncha kwa tupa. Usikubali mtu ayavunje kwa koleo au patasi. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi. Wala asichomwe moto kaakaani. Nimeona punda waliochomwa hivyo, wakaacha kula kabisa.

Na kuacha kula ndiko ninakokuogopa zaidi. Punda asiyekula, hasa jike mwenye mimba au aliyenenepa, mafuta ya mwili humwagika kwenye damu na ini huweza kushindwa kazi ndani ya siku chache. Punda huficha maumivu. Atasimama mbele ya nyasi kana kwamba anakula. Basi mtue mizigo kuanzia leo, mpe nyasi mbichi zilizokatwa fupi na pumba iliyolowekwa hadi iwe uji, na maji safi. Akikataa hata hivyo, usingoje kesho.

Lamu imekuwa na kliniki ya punda tangu 1987. Mpeleke, na vibonge viwili ubebe kwenye mfuko, pamoja na mavi ya asubuhi hiyo. Mwambie daktari pia kama ana mimba.