Usiitume PHQ-9 kwenye simu kama hakuna wa kupokea jibu

Karibu kila kijana anayeingia kwenye kazi hii ya kutengeneza huduma za simu kwa afya ya akili huja na wazo lilelile: tuweke kwenye simu dodoso la PHQ-9, lile la kupima dalili za sonona, mtu ajipime mwenyewe. Si wazo baya. Dodoso ni fupi, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27, na anayepata 10 kwenda juu anahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi kama ana sonona. Mashine inajumlisha bila kuchoka. Kazi iko kwenye swali la tisa.

Swali hilo linamuuliza mtu kama amekuwa akiona heri afe, au akiwaza kujidhuru. Kliniki, muuguzi akisikia "ndiyo" anaweka kalamu chini na kuanza mazungumzo mengine kabisa. Kwenye simu, mtu anabonyeza 3 saa saba usiku, yuko peke yake chumbani, halafu anajibiwa "Asante kwa kushiriki." Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu, uliza: usiku huo nani atampigia? Zamu yake inaisha saa ngapi? Akiugua, nani anashika nafasi yake? Kama majibu hayapo, dodoso libaki kliniki, na simu itumike kukumbusha tarehe za kurudi. Mimi naiheshimu zaidi huduma ndogo inayotimiza ahadi yake.

Majibu yakihifadhiwa, yalindwe kwelikweli. Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji. Hofu ya namna hiyo haiondoki kwa hukumu moja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isome yote, usisubiri mwanasheria akusimulie.

Na kumbuka simu nyingi si za mtu mmoja. Mume anaishika, mtoto anachezea, jirani anaazima kupiga. Ujumbe unaosema "Kesho una miadi kliniki ya afya ya akili" unasomwa na yeyote aliye karibu na kioo. Andika tu "Tunakukumbusha kufika kesho saa 3 asubuhi," na siku ya kumsajili muulize mwenyewe angependa ujumbe utokee kwa jina gani.

Kwa waliopata kiharusi, wenye ulemavu wa akili au wazee wanaopoteza kumbukumbu, adui mkubwa ni muda. Menyu za nyota na reli hukatika mtu akichelewa kujibu. Anaanza upya, inakatika tena, mwisho anaamini yeye ndiye hawezi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka mtumiaji aweze kuuzima au kuurekebisha muda, au aonywe kabla haujaisha, apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza, na aweze kuuongeza angalau mara 10. Toleo la 2.2, la Oktoba 2023, limeongeza kwamba kuingia kwenye akaunti kusitegemee kukumbuka nywila pasipo msaada mwingine. Kwenye menyu za simu muda uko mikononi mwa kampuni ya mtandao, huwezi kuurefusha. Unachoweza ni kupunguza maswali, kuhifadhi alipofikia, na akirudi umwanzishie hapohapo.

Mara nyingi hata programu haihitajiki. Nilimwona bibi mmoja ambaye kengele ya dawa ikilia alikuwa akiinua simu na kuita, "Haloo? Haloo?" Mlio ulikuwa unamwambia kuna mtu anapiga. Binti yake akarekodi sauti yake iwe ndiyo kengele: "Mama, ni mimi. Meza kile kidonge cheupe, kiko kwenye kikopo cha bluu." Bibi akawa anaitikia, "Haya mwanangu," na kwenda mezani. Lakini angalieni hapa, ninyi mnaoanza: simu nyingi hurudia kengele baada ya dakika chache isipozimwa. Mtu asiyekumbuka kwamba ameshameza atameza tena. Zimeni marudio hayo, na kikopo kiwe na dozi ya wakati huo tu, iliyowekwa na mlezi.

Mlezi mwenyewe mfundisheni kurekodi, msimfanyie. Simu akabidhiwe yeye, arekodi, afute, arekodi tena mpaka mkono uzoee, kwa sababu dawa hubadilishwa. Siku hospitali ikibadilisha kidonge, sauti ya zamani ifutwe kabla bibi hajafika nyumbani.