Nenda jioni, watafurahia
Dada, umeuliza kama wanao waliozoea bembea za ufukweni Tanga watakipenda kiwanja kidogo cha mtaani hapa Dodoma. Watakipenda sana, ila chagua saa. Saa 8 mchana bati la kuteleza linaunguza. Weka kiganja chako juu yake kwanza, uhesabu hadi 5, kisipoungua ndipo mtoto apande. Mimi huwapeleka saa 11 jioni. Kipindi cha Juni hadi Agosti upepo wetu ni mkavu na una baridi, si kama joto la pwani, kwa hiyo beba sweta, maji na mafuta ya midomo. Wangu juzi walikaa chini ya mwarobaini wakipika ugali wa mchanga kwenye kifuniko cha ndoo, bembea wakazisahau kabisa.