Kusimamia vijana au kubaki na spana yako

Mdogo wangu wa Tandahimba, umesema unatengeneza mashine za kupulizia mikorosho peke yako, sasa tajiri anataka usimamie vijana watano, pesa inaongezeka, ila moyo unagoma. Unauliza kama ni kiburi.

Si kiburi. Mimi fundi mwenzio, niko Masasi, niliwahi kusimamia watatu. Juni hadi Agosti, ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ukipamba moto, mashine zinakuja zimejaa salfa, dawa yake ya unga, na kila mwenye shamba anataka yake leo. Nimefungua kabureta, kijana anaita, "Fundi, plagi hii bado nzima?" Nikirudi nimesahau skrubu ya hewa nimeizungusha mara ngapi. Jioni zimetoka chache kuliko nilivyokuwa peke yangu, lawama zote zangu. Niliacha.

Lakini jiulize, unachochukia ni watu au kukatizwa? Mimi niligundua ni kukatizwa. Sasa nina kijana mmoja: anapokea mashine, anaosha tangi, anabembeleza wateja (kazi hiyo mimi siiwezi, nina mdomo mbaya). Hanisumbui hata kidogo.

Mwambie tajiri mashine zilizoshindikana zije kwako, vijana asimamie mwingine, wewe uwafundishe asubuhi kabla hamjafungua. Akikataa, jaribu msimu mmoja tu, mkubaliane kwamba ukishindwa unarudi kwenye meza yako. Hilo la meza liandikwe, maana korosho zikishauzwa watu husahau walichoahidi.